Mikono Miwili Kwenye Usukani

Sikutaka kujifunza kuendesha gari. Naliweka hili mbele kabisa kwa sababu watu wa Kibondo wanaoniona leo nikipita na pikapu letu hudhani nilikuwa na hamu hiyo tangu usichana, na wengine hunipongeza kwa ujasiri. Ujasiri sina. Nilikuwa na miaka arobaini na minane, nafundisha darasa la tatu lenye watoto wengi kuliko madawati, nina shamba la mihogo na maharage, na nilikuwa nimechoka. Mtu aliyechoka hatafuti jambo jingine la kujifunza.

Lakini gari lilikuwapo, na dereva wake hakuwapo tena. Yaani alikuwapo, amekaa barazani kwenye kiti chake cha kamba, ila macho yake yalikuwa yamekwisha. Mume wangu aliendesha malori kwa zaidi ya miaka ishirini akipeleka mahindi na mahema kwenye kambi za wakimbizi, kisha akanunua pikapu kuukuu akawa anabebea watu mizigo. Macho yalianza kupungua pembeni. Akawa anagonga mlango wa jikoni kwa bega, akawa anamimina chai nje ya kikombe. Daktari alisema ni presha ya macho, kwamba tumechelewa kuja, na dawa zitalinda kile kidogo kilichobaki. Kilichobaki kilikuwa mwanga na kivuli.

Siku tuliyorudi kutoka kliniki, rafiki yake aliliegesha gari chini ya mparachichi uani kwetu, akampa ufunguo mkononi, naye akautia mfukoni. Gari likakaa pale miezi kumi na moja. Kuku mmoja mwekundu aliona pametulia, akaanza kutagia nyuma ya kiti.

Ningeliacha gari lile lioze kama si mama yake. Mama mkwe wangu anaishi Makere, upande wa Kasulu, kwenye nyumba ileile aliyomzalia mume wangu, na mume wangu ndiye mtoto pekee aliyebaki naye. Enzi za lori hakupita Makere bila kusimama kwake. Enzi za pikapu alikwenda kila mwezi. Macho yalipokwisha hakwenda tena, na hakumwambia kwa nini. Kwenye simu alisema gari bovu. Mara ya pili akasema kipuri kinatoka Mwanza. Kisha ikawa mvua, kisha kazi, kisha gari tena. Nilikaa pembeni nikichambua maharage na kuusikiliza uongo ule, nao ulinichosha kuliko darasa.

"Mwambie," nilisema siku moja baada ya kukata simu.

"Nimwambie nini? Mwanamke wa miaka themanini na ushee, amezika watoto wanne. Nimwambie na huyu aliyebaki haoni?"

"Basi twende kwa basi, umwambie uso kwa uso."

"Pale stendi kila mtu ananijua, hadi wauza karanga. Nishikwe mkono kama mbuzi anayepelekwa mnadani?" Akapapasa ufunguo mfukoni. "Siku utakayoweza kuliendesha hilo gari, Mwalimu, nitakwenda."

Huniita Mwalimu anapotaka kunitania au kunikwepa. Siku ile alikuwa ananikwepa. Alisema vile kwa kuwa alikuwa na hakika siku hiyo haitafika. Anajua naogopa hata bodaboda, nikipanda namshika dereva mpaka analalamika. Nilikasirika. Nilimwona akilini yule mama kule Makere akiweka simu chini na kukaa peke yake, akijiuliza amemkosea nini mwanawe, na niliona kwamba angeweza kufa akiwa bado anajiuliza. Kesho yake baada ya vipindi nilikwenda kujiandikisha kwenye mafunzo, kwa hasira, chaki ikiwa bado vidoleni.

Aliyenifundisha alikuwa mtu wa Tanga, mwembamba wa makamo mwenye kofia ya kufuma isiyotoka kichwani. Alikuja Kibondo kumsaidia shemeji yake dukani, duka likafungwa, yeye akabaki na gari dogo jeupe lenye kibao cha L juu. Alikuwa na adabu nyingi. Kwa kuwa mimi ni mwalimu na yeye ni mwalimu, tukawa tunaitana hivyo hivyo.

"Mwalimu, kanyaga klachi."

"Nimekanyaga, mwalimu."

"Hiyo ni breki, mwalimu."

Tulianzia kwenye uwanja wa mpira ambao hauchezwi tena. Sijui niieleze vipi hofu ile bila kujidhalilisha, basi acha nijidhalilishe. Kabla ya kila somo nilikwenda chooni mara mbili. Viganja vilitoa jasho mpaka usukani ukateleza, nikawa nabeba kipande cha kanga cha kufutia. Kila nilipoachia klachi gari liliruka, likakohoa, likazima, na kila lilipozima nilisema samahani, tena nililiambia gari lenyewe. Pedali ziko tatu na miguu ni miwili. Aliyepanga hivyo hakunifikiria mimi.

"Mwalimu, pumua," aliniambia siku ya pili. "Nimefundisha watu waoga wengi, lakini walikuwa wanapumua."

Wiki ya tatu nilikuwa naweza kutoka uwanjani na kwenda kwa gia ya pili kwenye barabara ya vumbi hadi mwisho wa mji. Sikufurahi. Nilikuwa nahesabu miti mpaka mahali pa kugeuzia, kisha nahesabu miti ya kurudia. Lakini nilikuwa nakwenda, na mwalimu wangu alikuwa ameanza kukunja mikono kifuani badala ya kuiweka tayari juu ya hendibreki. Hapo ndipo nilipokutana, Jumamosi moja asubuhi, na bibi wa mihogo.

Inabidi nieleze salamu zetu kwa asiyezijua. Kwetu Uha, huku Kigoma, mtu mzima hapungiwi mkono. Unapunguza kimo, magoti unayakunja kidogo, unakutanisha viganja kwa makofi ya taratibu yasiyo na kelele, na unamsalimia. Anaitikia. Unauliza ya nyumbani, anaitikia, naye anauliza ya kwako, na makofi yanaendelea chini ya maneno hayo yote mpaka salamu iishe. Kumpigia honi mtu mzima ni kumfukuza njiani kama ng'ombe. Nimesalimia hivyo tangu sijaweza kutamka vizuri jina langu. Mikono yangu huifanya kazi hiyo bila kuniuliza.

Bibi alikuwa anakuja upande wetu na furushi la mihogo kichwani. Namfahamu, tunasali kanisa moja. Alipoliona gari na kunitambua, alisogea pembeni, akalishusha furushi lake chini, akaanza makofi.

"Mwakeye," alisema. Ndiyo salamu yetu ya asubuhi.

Dirisha langu lilikuwa wazi. "Ego, mwakeye," nikaitikia, na mikono yangu yote miwili ikauacha usukani, ikaanza kupiga makofi.

Gari lilijiendea. Lilivuka mfereji mdogo, likaingia kwenye shamba la watu, likazima lenyewe katikati ya matuta. Mwalimu wangu alikuwa ameikumbatia dashibodi na anasoma kitu kwa Kiarabu. Hakuumia mtu. Bibi, kwa upande wake, alidhani nimetoka barabarani kwa heshima yake. Alitufuata hadi shambani, akasimama dirishani, akaendeleza salamu pale ilipokatikia: watoto hawajambo, mzee anaendeleaje, maharage yameshikaje mwaka huu. Niliitikia yote, kwa kuwa salamu ikishaanza haikatishwi. Kisha akajitwisha furushi lake, akaenda zake akiwa ameridhika sana.

Mwalimu wangu alisubiri mpaka bibi afike mbali. "Mwalimu," alisema, "kwetu tunainua mkono mmoja."

"Kwa mtu mzima?"

"Kwa mtu mzima." Akaona ninavyomtazama. "Basi tikisa kichwa."

"Nimtikisie kichwa bibi yule?"

"Mwalimu, bibi yule bado anataka kuishi."

Tangu siku ile nikawaogopa watu kuliko gari. Barabara za Kibondo zina wazee wengi, na wote wana adabu. Nikimwona mbele mtu mwenye fimbo, au mama aliyejifunga kanga kwa namna ya watu wa zamani, macho yangu yalianza kutafuta mahali pa kukimbilia. Nilijaribu njia ya mwalimu wangu. Nilikaza shingo, nikatazama mbele kana kwamba sijaona mtu, mikono nimeibana kwenye usukani mpaka vidole vikafa ganzi. Siku moja niliwapita hivyo wazee watatu. Jumapili iliyofuata, kanisani, niliona namna walivyonisalimia: walinisalimia kwa ufupi.

Jioni yake mzee jirani yetu alikuja kukaa barazani na mume wangu. Majirani wa karibu walikuwa wanajua habari ya macho, ingawa walikuwa hawaisemi. Nilimsikia kutoka jikoni.

"Mkeo siku hizi hatuoni," alisema.

"Ugonjwa huo uko kwenye nyumba hii," mume wangu akamjibu. "Labda nimemwambukiza."

Mzee alicheka kwa aibu, akaaga. Mimi nikaacha mafunzo. Sikutangaza, niliacha tu kwenda. Nilijiambia ni uchovu, na haukuwa uongo. Asubuhi maji, kisha chai, kisha matone kwenye macho yake, kisha shule, kisha shamba, kisha madaftari, kisha matone tena. Simu ya Makere ikaja. Nilimsikia mama mkwe akiuliza kwa ile sauti yake kubwa ya watu wasioamini kwamba simu inafika: gari limepona? "Bado, mama," alisema mume wangu. Mama hakuuliza zaidi. Zamani angeuliza.

Jumamosi moja asubuhi, baada ya wiki mbili hivi, mume wangu aliniambia nimpeleke garini. Nilidhani anataka kuligusa tu. Nilimfukuza kuku, nikampeleka. Kwa mazoea alikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa dereva, akaushika mkono wa mlango, akasimama. Kisha akazunguka mbele huku kiganja chake kikipita juu ya boneti, akafungua mlango wa kushoto, upande ambao hakuwahi kukaa tangu alinunue gari lile. Mimi nikaingia kulia. Kiti kilikuwa mbali, miguu yangu haikufika vizuri. Akatoa ufunguo mfukoni akanipa.

"Usiwashe," alisema. "Unadhani mimi nilifanyaje miaka yote ile?"

"Uliinua mkono."

"Kwa vijana. Kwa wazee nilisimama."

"Na lori la mahindi?"

"Na lori la mahindi. Wenzangu walifika kambini saa nne, mimi saa sita. Bosi akiuliza, namwambia barabara mbaya." Alitabasamu upande wa kioo. "Salamu haifanywi gari likitembea, Mwalimu. Ukimwona mtu mzima anza mapema. Achia mafuta, breki, klachi, weka frii, vuta hendibreki. Hendibreki ikishalia, mikono ni yako. Piga makofi mpaka uchoke. Ukimaliza unaanza safari upya, na mwenye haraka nyuma yako apite."

Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba inaruhusiwa kusimama. Nilidhani kuendesha gari ni kutokusimama.

Tukafanya mazoezi palepale chini ya mparachichi, gari limezimwa. Yeye akawa wazee wa njiani. "Mwakeye," alisema kwa sauti ya bibi, akageukia dirisha lake na kupiga makofi kuuelekea mti. Mimi mafuta, breki, klachi, frii, makofi. "Umeniua," bibi akasema. "Hendibreki hukuvuta. Rudia." Nikarudia. Akawa mzee wa Munanila asiyesikia vizuri, wa kusalimiwa mara tatu. Akawa mama mwenye mapacha. Akawa mwalimu mkuu wangu, na hapo nikacheka mpaka nikaegemea usukani, honi ikalia, kuku akaruka. Naye akacheka. Sikumbuki mara ya mwisho tulikuwa tumecheka lini. Alikuwa hanioni, lakini kila nilipovuta hendibreki na kile chuma kikalia krrr, alitikisa kichwa kwa kuridhika, kama ninavyofanya mimi mtoto akisoma sentensi nzima bila kukwama.

Nilirudi kwa mwalimu wangu wa Tanga nikamweleza utaratibu huo. Alijikuna chini ya kofia. "Kwenye kitabu haimo," alisema, "lakini sijaona palipokatazwa." Siku ya mtihani askari wa trafiki alikaa kushoto kwangu na karatasi zake, mimi nimefunga kipande cha kanga kwenye kifundo cha mkono. Nilirudi nyuma, nikapanda kilima, na wakati tunashuka akatokea mzee na baiskeli yake. Nilisimama. Nikavuta hendibreki, nikasalimia. Askari, ambaye kumbe ni Muha mwenzetu wa Buhigwe, alijikuta naye anapiga makofi, kalamu ikaangukia chini ya kiti. Akaiokota, akaandika. Nilifaulu.

Ningependa kusema kwamba Jumamosi iliyofuata tulikwenda Makere. Hatukwenda. Leseni ilikaa kwenye droo pamoja na vyeti vya ubatizo, wiki moja, mbili, nne. Fundi alitutilia betri mpya, nami nikawa naliwasha gari jioni, nazunguka nalo mpaka sokoni na kurudi, nashuka nimelowa jasho. Safari ya Makere ina milima, ina malori, ina daraja la Malagarasi. Yeye hakuniuliza na mimi sikujitolea. Alikuwa amesema atakwenda siku nitakayoweza, na sasa wote wawili tulipendelea nisiweze.

Kisha simu ikaja Ijumaa mchana, na aliyepiga hakuwa mama mkwe. Alikuwa jirani yake. Alisema mama ameteleza mlangoni pa jiko tangu juzi, nyonga imevimba, hawezi kusimama. Walitaka kumbeba hadi hospitali Kasulu, amekataa. Anasema atapelekwa na mwanawe, kwa gari la mwanawe, na kama gari bado bovu atasubiri.

Mume wangu aliishika simu hata baada ya kukatika. "Kesho," nilisema. Sauti haikuwa yangu.

Tulitoka alfajiri. Alivaa shati jeupe na ile kofia yake ya udereva, na fimbo aliiacha nyumbani kwa makusudi. Njiani, mji ukiwa bado haujaisha, akaniambia mpango wake. Hatashuka. Majirani watambeba mama hadi garini, watamlaza nyuma kwenye godoro tulilotandika, yeye atamsalimia kupitia dirishani, na hatajua kitu. Nilikuwa nabadilisha gia. Sikuwa na nafasi ya kubishana na upumbavu.

Kilima cha kwanza kikubwa gari lilinizimikia. Likaanza kurudi nyuma, na nyuma yetu kulikuwa na lori. "Hendibreki," alisema, kwa sauti ya kuomba chumvi. Nikavuta. "Washa. Sasa ongeza mafuta usikilize. Usitazame lori. Sikiliza mpaka sauti ibadilike iwe nzito." Nikasikiliza. "Sasa achia." Gari likapanda. Kwa kuwa hakuona lori wala bonde, hakuwa na la kuogopa isipokuwa sauti, na sauti anaijua. Nikaanza kuendesha kwa masikio yake.

Mzee wa kwanza tulimkuta kabla jua halijakolea, anasukuma baiskeli yenye mikungu ya ndizi. Breki, klachi, frii, hendibreki. "Mwakeye." Mzee aliegemeza baiskeli, akaja dirishani kwa makofi, akainama kutazama ndani. Alimjua.

"Dereva," alisema. "Leo mbona umekaa upande wa abiria?"

Mikono ya mume wangu ilikuwa imesimama hewani katikati ya makofi. Nilitaka kumjibia, kwamba anapumzika, kwamba amenifundisha. Nilikuwa nimechoka na uongo.

"Macho yamekwisha, mzee," alisema.

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimwambia mtu asiye wa karibu yetu. Mzee alizunguka hadi dirisha la kushoto, akaanza salamu upya, taratibu kuliko ya kwanza, na mume wangu akaitikia yote. Tulipoondoka alivua kofia akajifuta uso.

Tulisimama mara tisa kabla ya Makere. Mahali pengine walimjua, pengine hawakumjua, na tulipofika darajani alikuwa anasema mwenyewe kabla ya kuulizwa. Mabasi yalitupita yakitupigia honi. Shingo yangu ilikuwa imekauka, mabega yalikuwa yanawaka moto, na goti la klachi lilikuwa linauma. Watu hutumia asubuhi moja kwenda na kurudi. Sisi tulifika Makere saa saba mchana.

Nilisimamisha gari ukingoni mwa uwanja wa nyumba, penye migomba, kwa kuwa mbele kulikuwa na mtaro nisiouamini. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye mkeka chini ya ukuta wa nyumba, miguu ameinyoosha, mgongoni amewekewa mafurushi. Wanawake wawili walikuwa naye. Kati yetu na yeye kulikuwa na hatua kama thelathini za ardhi iliyofagiliwa. Aliliona gari, uso wake ukafunguka, akaanza makofi palepale alipokaa.

"Mwidiwe," aliita. Ndiyo salamu ya mchana.

"Mwidiwe, mama," mume wangu akaitikia kupitia dirishani, anapiga makofi.

Mama aliendelea kupiga makofi na kungoja. Mtoto hamsalimii mama yake akiwa ndani ya gari, na huyu hakuwahi. Wanawake wawili wakatazamana. Mama hakuweza kusimama aje, na nilipomtazama mume wangu niliona naye ameelewa hivyo. Mpango wake ulikuwa umekwisha. Alifungua mlango, akashuka, akasimama ameushikilia. Kisha akauachia, akaanza kutembea, na alikuwa anakwenda upande wa jiko, si kwa mama.

Nilikuwa nataka kushika kitasa nimkimbilie pale makofi ya mama yalipobadilika. Yale ya adabu, ya chinichini, yaliacha. Yakaja mengine, ya nguvu, moja moja, yenye nafasi katikati. Mume wangu alisimama. Akageuza kichwa, kisha mabega, kisha miguu.

"Mwidiwe," mama akasema tena, kana kwamba hawajasalimiana.

"Mwidiwe," akaitikia, akasogea.

Mama akamuuliza ya nyumbani. Akamuuliza mvua. Akamuuliza maharage, akamuuliza watoto mmoja mmoja, na alipomaliza akaanza tena mwanzo, kofi moja, neno moja, na mwanawe akaja akiitikia hatua kwa hatua, mpaka kiatu chake kikagusa mkeka. Hapo makofi yakakoma. Akapiga magoti. Mama alimshika uso kwa mikono yote miwili, akaugeuza huku na huku.

"Tangu lini?"

"Mwaka sasa, mama."

"Nilidhani umenichoka," alisema.

Mume wangu alilaza kichwa mapajani pake, kwa uangalifu, upande usiouma. Mimi nilikuwa bado garini. Injini ilikuwa inanguruma, mguu wangu uko kwenye breki, mikono yote miwili imeushika usukani, na sikuweza kuifungua. Kasulu ilikuwa bado mbele yetu. Nililia kidogo, kwa uchovu na kwa yale mengine. Kisha nikaweka frii, nikazima, nikavuta hendibreki, na kile chuma kikalia krrr uwanja mzima.

Kule mkekani mume wangu aliinua kichwa.

"Huyo sasa anakuja kukusalimia," alimwambia mama yake.